Mwanangu anataka kutangaza besiboli redioni. Hii ni kazi ya kumlisha mtu?

MamaWaKigoma (Milwaukee)

Habari za saa hizi ndugu zangu. Naomba ushauri, na mnijibu kama mnavyomjibu dada yenu wa tumbo moja.

Nina kijana wa miaka 19, yuko mwaka wa pili chuoni hapa Wisconsin, anasomea uhasibu. Juzi Jumapili tumetoka ibadani akanikalisha mezani. Anasema kiangazi hiki harudi kule ghalani alikofanya kazi mwaka jana. Amepata nafasi ya kujifunza kazi kwenye timu ndogo ya besiboli, saa sita kwa gari kutoka hapa, akatangaze mechi redioni na mtandaoni. Watampa posho ya mwezi isiyofika nusu ya alichokuwa anapata ghalani. Na si kwa kiangazi tu. Anasema hicho ndicho anachotaka kufanya maisha yake yote.

Sikumfokea. Niliondoa vyombo nikaenda kuosha, maana nilijua mbegu hii tuliipanda wenyewe. Tulipofika nchi hii mwaka 2010 tulikuwa na redio moja ya mtumba jikoni. Baba yake akitoka kazini anafungulia mechi za Brewers, timu ya hapa Milwaukee. Mimi Kiingereza sikijui, naosha vyombo, namsikiliza mtangazaji wao, mzee Bob Uecker. Namba za Kiingereza nimezijulia pale: mbili kwa tatu, zamu ya saba, mmoja nje. Mtoto alikuwa na miaka minne, analala chini ya meza, miguu ameipandisha kwenye kiti. Mechi ikiisha ndipo tunamnyanyua kumpeleka kitandani. Uecker alipofariki Januari 2025, mwanangu alinipigia simu kutoka chuoni sauti imemkauka, kama mtu aliyefiwa na babu yake.

Baba yake hayupo tena duniani, kwa hiyo uamuzi huu uko mikononi mwangu. Nafua mashuka kwenye hospitali usiku, nalipa ada kwa mkono wangu. Nataka kujua: hawa watu wanapataje kazi? Wanaishi kwa nini? Mtoto wa watu kama sisi, aliyezungumza Kiswahili kabla ya Kiingereza, atasikilizwa?

DerevaWaKorogwe (Davenport, Iowa)

Dada, pole na mawazo. Nitakujibu kwa kirefu kwa sababu jambo hili nimelala nalo na kuamka nalo.

Nimeendesha basi la timu ya ligi ndogo, zile ligi za chini wanakokuzwa wachezaji wa ligi kuu, misimu saba, 2013 mpaka 2019. Basi la kukodi, viti 56. Kocha na wasaidizi wake wanakaa mbele upande wangu, wachezaji nyuma, na kiti cha kwanza upande wa mlango ni cha mtangazaji. Wakati ule timu ya daraja lile ilicheza mechi 140 kati ya mapema Aprili na mwanzoni mwa Septemba, nusu yake ugenini. Mechi inaisha saa nne usiku, vijana wanaoga, wanakula piza, tunaondoka saa tano na nusu. Peoria, South Bend, Fort Wayne, Lansing. Ikifika saa saba basi zima linakoroma, tuko macho watu wawili, mimi na mtangazaji. Ilikuwa lazima aongee ili mimi nisisinzie, na kuongea ndiyo kazi yake. Basi nimefundishwa habari hizi usiku, kilomita kwa kilomita.

Alikuwa na miaka 24 nilipoanza naye. Jina lake simtaji. Ratiba yake ndiyo nataka uijue. Saa saba mchana yuko uwanjani. Anaandika taarifa za mechi, kurasa nne au tano za takwimu, anaziprinti na kuzigawa kwa waandishi na kwa benchi la wageni. Saa tisa anamhoji kocha. Mvua ikishuka anakimbia na vijana wa uwanja kuvuta turubai. Saa moja kasorobo anafungua maiki, na kuanzia hapo ni yeye peke yake kwa karibu saa tatu, hakuna wa kupokezana naye. Haja ndogo anaimaliza kati ya zamu na zamu, dakika mbili, ngazi kwa mbio. Mechi ikiisha anaandika ripoti, anaituma, anakunja waya, anakuja kwenye basi akiwa wa mwisho, na vijana wanampigia kelele kwamba anawachelewesha.

Majira ya baridi anauza nafasi za matangazo ya biashara. Anapita kwa mafundi magari, wauza magodoro, madaktari wa meno. Fungu kubwa la pato lake lilikuwa kamisheni ya hapo, na mwaka mmoja uongozi ulimlimbikizia kamisheni hiyo miezi mitatu. Aliishi chumba cha chini kwa wazee wawili wapenzi wa timu ambao hawakumtoza kodi. Nimemwona akinywa supu ya kopo bila kuipasha.

Sasa kwa nini mtu anavumilia hivyo? Kwa sababu ligi kuu ina timu 30 tu, na kila timu ina sauti mbili tatu za redio. Na aliyekaa kwenye kile kiti haondoki. Vin Scully alianza na Dodgers mwaka 1950 wakiwa bado Brooklyn, akahama nao kwenda Los Angeles mwaka 1958, akaacha mwaka 2016. Misimu 67. Uecker wako misimu 54. Denny Matthews wa Kansas City alianza timu ile ilipoanzishwa mwaka 1969, na mwaka 2025 bado alikuwepo. Hesabu mwenyewe nafasi ngapi zinafunguka kwa mwaka, na vijana wangapi wako kwenye mabasi wanazingoja. Kila Desemba kunakuwa na mikutano mikuu ya besiboli, na miaka ile vijana walikuwa wanasafiri kwa nauli zao kwenda kule kutafuta watu wa kuwapa kazi. Wetu alikwenda mara nne.

Na ukishakipata kiti hakuna mkataba wa mbinguni. Ernie Harwell wa Detroit, mtu aliyependwa jimbo zima la Michigan, alifukuzwa baada ya msimu wa 1991. Watu walikasirika vibaya mno, timu ikauzwa, akarudishwa mwaka 1993. Mtangazaji mwingine, Red Barber, alitemwa na Yankees wa New York mwaka 1966. Septemba ile uwanja ulikuwa na watazamaji 413, kamera zikakatazwa kuonyesha viti vitupu, yeye akasema hewani kwamba habari ya siku hiyo ni ile idadi ya watu, si mechi. Siku chache baadaye akaambiwa hatahitajika tena. Barber huyu ndiye aliyempokea Scully akiwa kijana ametoka chuo cha Fordham na kumfundisha kazi.

Kuhusu Barber nina jambo moja nimeliona kwa macho yangu. Mtangazaji wetu alikuwa na saa ya mchanga, ile ndogo ya kupimia mayai yanayochemka, fremu ya mbao imechubuka, mchanga wa rangi ya waridi. Dakika tatu. Mchana iko mezani kwake karibu na maiki, usiku anaitia mfukoni mwa shati. Barber ndiye aliyeanza mtindo huo: mchanga ukiisha, taja matokeo, igeuze. Nikamuuliza, mara zote hizo watu hawachoki? Akaniambia, "Kuna mtu amewasha gari sasa hivi. Anatoka kazini. Hakuwepo tangu mwanzo, na akizima gari kabla sijamwambia matokeo nimemkosea." Nilipomsikia nikamkumbuka marehemu baba Korogwe na redio yake ya National, anaitikisa betri zipate nguvu, mechi ya Coastal Union iko kipindi cha pili na hakuna anayesema ni ngapi kwa ngapi.

Ushauri wangu: mwache aende kiangazi kimoja. Uhasibu asiuache. Akirudi Agosti atakuwa anajua, na wewe utajua.

SautiYaNakuru (Kenya)

Mama, mimi nimefanya redio miaka kumi na miwili, habari na michezo. Sijawahi kutangaza besiboli, lakini kazi ya kumwonyesha mtu kwa mdomo kitu asichokiona naijua. Sisi tulikua na Leonard Mambo Mbotela. Ukisikiliza soka yake umefumba macho, unajua mpira uko upande gani na nani ameanguka.

Tofauti ninayoiona ni kasi. Kwenye soka huna pumzi, mpira haukungojei. Besiboli nimeisikiliza mtandaoni: mrushaji anarusha, mpira umedakwa, halafu kimya cha sekunde kadhaa. Hizo sekunde ndizo zinazomtofautisha mtangazaji na msomaji wa matokeo. Swali langu kwa Kaka Dereva: wanajaza vipi? Na wanawake wapo kwenye vile vibanda? Nina binti pia.

Mzee_Dallas

Sitaki kumvunja kijana moyo lakini lazima mtu aseme. Redio inakufa. Kijana wa leo anatazama vipande kwenye simu. Mwaka 2021 timu ya Toronto walifuta watangazaji wa redio msimu mzima, wakachukua sauti ya televisheni wakaiweka redioni. Wakati wa korona watangazaji walikuwa wanatangaza mechi za ugenini wakiwa wamekaa kwenye uwanja wa nyumbani, wanaangalia runinga. Bosi akishajua inawezekana hivyo, nauli ya nini? Hoteli ya nini? Uhasibu ni uhasibu, dada. Amalize.

DerevaWaKorogwe (Davenport, Iowa)

Mzee wangu wa Dallas, uliyosema ya Toronto ni kweli. Lakini mwaka uliofuata walirudisha matangazo ya redio, kwa sababu maneno ya televisheni hayamtoshi mtu asiye na picha. Mtu wa televisheni anasema "tazama hiyo!" na wewe uko kwenye trekta, utazame nini?

Halafu kutangaza mechi usiyoiona hakukuanza na korona. Hapa hapa Davenport, kwenye stesheni ya WOC, ndipo Ronald Reagan alipoanza kazi ya redio mwaka 1932, miaka karibu hamsini kabla ya kuwa Rais. Baadaye akahamia stesheni ya WHO ya Des Moines akawa anatangaza mechi za Cubs zinazochezwa Chicago, na yeye amekaa studio Iowa. Mtu wa telegrafu anapokea alama chache, anamsogezea karatasi, na Reagan anazigeuza kuwa mechi: jua, jasho, mrushaji anafuta paji la uso. Siku moja waya ukakatika katikati ya mechi. Hakutaka kuwaambia wasikilizaji. Akamfanya mpigaji agonge mpira ukatoka nje ya mstari, akagonga tena ukatoka, na tena, dakika kadhaa, kwa sababu mipira ya namna hiyo haiingii kwenye kumbukumbu za mechi na hakuna atakayemshika. Mtangazaji wetu alinisimulia hiki kisa tukivuka daraja la Mississippi saa nane usiku, na kila tulipovuka daraja lile baada ya hapo nilikikumbuka.

Dada wa Nakuru, umeuliza swali la mwenye fani. Wanajaza kwa vitu walivyookota mchana. Ndiyo maana nilisema saa saba yuko uwanjani. Daftari lake lilikuwa na kalamu za rangi nne. Bluu ni takwimu. Nyekundu ni majeruhi. Kijani ni mambo ya nyumbani: huyu mdakaji mama yake ana duka la mikate, huyu mrushaji kutoka Jamhuri ya Dominika hajawahi kuona theluji mpaka Aprili hii. Nyeusi sikuwahi kujua ni ya nini. Mchezaji anaposimama kupiga, na mrushaji anazungusha mpira mkononi, yule kijana anashuka kwenye kijani. Analisema neno moja tu, mpira ukirushwa analiacha hapo hapo hata kama ni katikati ya sentensi. Mpira kwanza. Ukishadakwa anarudi pale pale alipoishia, kama mshonaji aliyeinua mguu kwenye cherehani kisha akaukanyaga tena.

Na wakati mwingine hawajazi. Tarehe 8 Aprili 1974 Hank Aaron alipiga mpira wake wa 715 wa kuvuka ukuta, kule Atlanta, akaipita rekodi ya Babe Ruth. Scully alikuwa anatangaza upande wa Dodgers. Alisema mpira umekwenda, kisha akanyamaza. Aliuacha umati na fataki vizungumze kwa muda mrefu. Ndipo akarudi na kusema kinachotendeka: mtu mweusi anashangiliwa na watu waliosimama, katika majimbo ya Kusini, kwa kuvunja rekodi ya shujaa mkubwa wa besiboli. Nimesikiliza kipande hicho mara nyingi nikiwa nimepaki basi. Mimi ni mtu mweusi ninayeendesha usiku katika nchi hii, nikifika pale kwenye kile kimya nazima injini.

Wanawake wapo, wachache. Suzyn Waldman yuko kwenye redio ya Yankees tangu mwaka 2005, mchambuzi wa kila siku, na kabla ya hapo alivumilia matusi ya miaka mingi. Mwaka 2024 timu ya Oakland walimpa Jenny Cavnar kiti cha mtangazaji mkuu kwenye televisheni, wa kwanza mwanamke kwa timu ya ligi kuu. Mwambie binti yako aanze kukusanya kalamu za rangi.

Sasa nirudi kwako, Mama wa Kigoma, kwa lile swali lako la mwisho, ambalo naona ndilo linalokuuma. Mtoto wa watu kama sisi.

Yupo mtu anaitwa Jaime Jarrín. Amezaliwa Cayambe, kwenye milima ya Ecuador, mwaka 1935. Alifika Los Angeles mwaka 1955 akiwa na miaka 19, umri wa mwanao, na besiboli hajapata kuiona kwa macho. Akapata kazi kwenye redio ya Kihispania. Mwaka 1958 Dodgers walihamia Los Angeles, redio ile ikapata haki ya kutangaza mechi, bosi akamwita. Akajibu kwamba mchezo haujui, apewe muda ajifunze. Akasoma, akahudhuria mechi, akaanza kutangaza mwaka 1959. Miaka ya mwanzo timu ikisafiri, watangazaji wa Kihispania hawasafirishwi. Wanakaa studio, wanamsikiliza Scully kwa Kiingereza masikioni, na papo hapo wanaitangaza mechi kwa Kihispania. Fikiria kazi hiyo.

Mwaka 1981 akatokea mrushaji wa miaka 20 kutoka kijijini Mexico, Fernando Valenzuela, nchi nzima ikapagawa naye, na Kiingereza hajui. Aliyekaa pembeni yake kwenye mikutano ya waandishi akitafsiri ni Jarrín. Mwaka 1998 akapewa Tuzo ya Ford C. Frick, heshima kubwa kuliko zote kwa watangazaji wa mchezo huu. Alistaafu mwaka 2022 baada ya misimu 64, lugha yake ikiwa ile ile aliyotoka nayo kwao.

Sisemi mwanao atakuwa Jarrín. Los Angeles ilikuwa na wasikilizaji wa Kihispania tele, na Milwaukee haina Waswahili wa kujaza uwanja. Nasema kwamba kutokuzaliwa na mchezo si kizuizi, na mwanao amezaliwa nao zaidi ya Jarrín. Alikuwa chini ya meza yako. Scully naye alisimulia maisha yake yote kwamba alipokuwa mtoto New York alikuwa anatambaa chini ya redio kubwa ya nyumbani kwao, kichwa kikiwa chini ya spika, anauacha mngurumo wa umati umshukie.

MamaWaKigoma (Milwaukee)

Kaka, nimesoma mara mbili wakati wa mapumziko ya kazi. Ahsante. Na Mzee wa Dallas, sikukasirika, wewe umesema alichokuwa anakisema moyo wangu.

Naomba kuuliza moja. Yule kijana wa kwenye basi aliishia wapi? Alifika ligi kuu?

DerevaWaKorogwe (Davenport, Iowa)

Hapana, dada. Hakufika.

Msimu wa 2020 wa ligi ndogo ulifutwa wote kwa ajili ya korona. Kisha ligi kuu ikapanga upya timu zake ndogo, kutoka 160 zikabaki 120. Yeye aliachishwa kwenye mtikisiko huo, mwaka wake wa nane kazini, ana mke na mtoto wa miezi mitano. Alinipigia simu usiku kwa sababu alijua mimi usiku niko macho. Hatukuzungumza mengi.

Siku hizi anafanya kazi kwenye chama cha akiba na mikopo. Ijumaa anatangaza soka la Kimarekani la shule za sekondari, na majira ya kuchipua anatangaza besiboli ya chuo kidogo kilicho karibu na kwake. Wanamlipa kidogo kwa mechi. Nimemsikiliza mwezi uliopita nikiwa njiani. Uwanjani palikuwa na upepo, nasikia bendera inapigapiga mlingoti, na yeye ananiambia mrushaji ana tope kwenye goti la kushoto tu, kwa hiyo ujue anaanguka upande mmoja akimaliza kurusha, amechoka, wamtoe. Mipira mitatu baadaye wakamtoa. Matokeo alikuwa anayataja kila baada ya dakika tatu, nilitazama saa ya dashibodi.

Ndiyo maana nakwambia uhasibu asiuache. Sikuambii kwamba asiende.

Na hata asipopata nafasi kama hii mwaka ujao, hapo kwenu Wisconsin kuna timu kadhaa za Northwoods League, ligi ya kiangazi ya wachezaji wa vyuo. Nao wanachukua wanafunzi kwa matangazo, na atalala nyumbani kwako au karibu. Kwa sasa aende uwanja wowote wa shule akiwa na simu tu, akae juu kabisa, arekodi zamu tatu bila kusimamisha. Ajisikilize kesho yake, si siku ile ile.

SautiYaNakuru (Kenya)

Na arekodi akiwa amesimama, mama. Pumzi inatoka vizuri zaidi.

MamaWaKigoma (Milwaukee)

Nimerudi na jibu, imepita wiki mbili.

Jumamosi nilikuwa sina zamu. Nikampeleka mwenyewe kwenye uwanja wa sekondari aliyosoma. Mimi nilibaki garini na blanketi, baridi bado ipo. Yeye akapanda juu kabisa ya viti, amesimama, simu mkononi, daftari amelifunga na klipu lisipeperuke. Watazamaji hawafiki thelathini. Nikawa namwona mdomo unakwenda, simsikii.

Jana usiku kabla sijaenda kazini ameniwekea ile sauti jikoni. Amesema tuisikilize pamoja. Mwanzo alikuwa anakimbia, maneno yanagongana, na kwa muda mrefu sana hakutaja matokeo. Nikamwambia. Akacheka, akaandika. Katika zamu ya pili akatulia. Mpigaji mmoja alikuwa anasuasua, anatoka anaingia, na mwanangu akaanza kusema kuhusu mzee mmoja nyuma ya uzio, anaokota makopo anayatia kwenye mfuko wa bluu, na kila mpira ukirushwa mzee anasimama kutazama, ukidakwa anainama tena. Akasema mfuko umejaa nusu. Mimi nilikuwa pale pale uwanjani na huyo mzee sikumwona.

Nilikuwa nimeshika sahani. Niliiweka chini nikavuta kiti.

Anaondoka mwishoni mwa Mei. Kaka Dereva, hizo saa za mchanga zinauzwa wapi? Nimetafuta dukani kwenye vyombo vya jikoni nimekuta za betri tu, zinazolia.

DerevaWaKorogwe (Davenport, Iowa)

Za betri zitalia hewani, usinunue. Tazama kwenye maduka ya mitumba, rafu ya sahani na vikombe. Ukikosa mpaka katikati ya Mei nijulishe, nina safari ya Milwaukee tarehe 20, nitakutafutia huku nikuletee.